Upande Mkavu wa Godoro

Kaka Mvua,

Pokea salamu zetu sote. Hapa hatujambo, shemeji yako anakusalimu, na wanao kila wakisikia bomba linatoa sauti wanauliza kama ni baba mkubwa anakuja. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba umepata walau siku moja ya kukaa mikono ikiwa mikavu, ingawa kumwombea fundi bomba jambo hilo ni kama kumwombea mpishi asione moshi. Mama anaendeleaje? Mwambie miwani yake iko tayari, nitaileta mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juma hili nimekupigia mara mbili, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za kazi. Kuna neno limenikaa kooni, na kwa simu halitoki. Nivumilie, nianze na wanao hawa mapacha.

Mwezi ujao chekechea inafunguliwa, na mwalimu wa pale ametuambia waziwazi kwamba mtoto wa nepi hapokelewi. Shemeji yako zamu zake za hospitali hazina mchezo, kwa hiyo nikachukua likizo na kuibeba kazi hiyo kifua mbele. Unatujua sisi wapima ardhi, kila kitu lazima kichorwe. Nikanunua poti mbili, ya kijani na ya njano. Nikabandika jedwali kwenye mlango wa choo, kwamba anayekojoa mahali pake anapata stika ya nyota, nikatega na saa ilie kila baada ya dakika arobaini. Shemeji yako aliliangalia lile jedwali akauliza kama watoto watakojoa au watagawiwa viwanja.

Yule binti, aliyetoka wa kwanza na ambaye sote tunamwita Bosi, alimaliza kazi kwa siku nne. Nyota zikajaa mstari wake mpaka nikaongeza karatasi. Mwenzake, yule tunayemwita Mzee kwa sababu anatembea mikono nyuma kama anakagua shamba, alikaa kwenye poti kwa adabu zote, akaimba, akainuka mkavu, akaenda kukojoa nyuma ya pazia. Siku ya kwanza nilicheka. Kufika siku ya kumi nilikuwa nimeanza kusema maneno. Nilimwambia amtazame dada yake. Nilimwambia Bosi ataenda shule, yeye atabaki nyumbani na nepi zake. Mtoto wa miaka miwili na nusu, kaka. Alienda kujifunika lile pazia uso.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni, nikamsikia Bosi ananiita kwa sauti ya ushindi kwamba Mzee amekojoa, nilete nyota haraka. Nilikwenda mbio. Kwenye poti ya kijani kulikuwa na mkojo kweli, lakini na sakafu nayo ilikuwa imelowa, kuanzia poti ya njano mpaka ya kijani. Mikono ya Bosi ilikuwa inachuruzika. Mzee alikuwa bado amevaa nepi yake, haijaguswa. Mtoto alikuwa amemmiminia mwenzake nusu ya mkojo wake ili naye apate nyota.

Nilikaa pale pale kwenye sakafu yenye mkojo, nikalia. Wakadhani nimeanguka, wakaja kunipapasa kichwa kwa mikono ile ile.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Unakumbuka godoro letu moja, na jinsi mama alivyokuwa akilitoa uani kila asubuhi huku akilalamika? Unakumbuka jina hilo la Mvua lilivyoanza, kwa mzaha wa baba mezani, likaenda mpaka shuleni, na leo hata wateja wako wanalitumia bila kujua lilikotoka? Hukuwa wewe. Hata siku moja hukuwa wewe. Nilikuwa mimi. Nilikuwa naamka kabla ya wote, nakuta nimelowa, nakuviringisha taratibu mpaka upande wangu, kisha nahamia kwako palipo pakavu. Usingizi wako ulikuwa mzito kama gogo. Kaptula yangu niliizamisha kwenye beseni la nguo chafu, nikavaa nyingine. Nilifanya hivyo mpaka tulipokuwa na miaka tisa, mwili wangu ulipoacha wenyewe, na mama akakupongeza wewe kwa kuacha.

Kama ingeishia hapo ningesema ni utoto. Lakini tulipofaulu wote wawili kwenda shule ya bweni, wewe ulimwambia baba kwamba unapenda kubaki umsaidie kazi. Baba aliamini. Mimi nilijua. Nilijua unaogopa kulala kwenye chumba cha wavulana arobaini, hali ile isije ikakurudia, nikafunga sanduku langu nikaondoka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mpaka kwenye ofisi yenye jina langu mlangoni.

Jedwali nimelichana. Poti nimezipanga zikipeana mgongo, na saa sitegi tena. Juzi Mzee alikojoa mwenyewe wakati Bosi anamsimulia habari za paka, na hakuna aliyepiga kelele. Kama hatakuwa tayari siku ya kufungua, watasubiri wote wawili. Sitamtanguliza mmoja kwa mgongo wa mwenzake.

Maji yakimwagika hayazoleki, nami sina namna ya kukurudishia shule. Ninachoweza ni hiki: Jumapili tunakuja wote wanne, na kabla mama hajaanza utani wake wa godoro, nitasema mbele ya meza nzima kama nilivyoandika hapa. Nisamehe, kaka. Ukiona huwezi, usinifungulie mlango. Nitawaacha watoto wakusalimie, miwani nitaiweka kizingitini, nigeuze.

Msalimie mama, wasalimie na majirani. Na jina hilo naomba unirudishie, umelibeba vya kutosha.

Ni mimi mdogo wako, uliyenitangulia kwa dakika saba,

Mvua