Pikapu Yangu Inaitika kwa Namba Yako

Parene wa Neema, baba yake wa batizo,

Ninakuandikia juu simu yako inalia tu na hauipokee, na muke wako anasema uko Butembo kwa kazi. Neema anaolewa Jumamosi. Kila asubuhi ananiuliza kama parene wake amefika, na mimi ninajifanya niko na shuguli jikoni.

Unakumbuka siku wewe na marehemu bwana yangu mulifika kutoka Kampala na pikapu mbili za kunywa mazuti, ile dizeli, zote nyeupe, zenye kufanana hata kwenye mikwaruzo? Jirani akauliza, "Sasa mutajua ya nani ni gani?" Ukamujibu, "Ile itanuka vitunguu ni ya Mama Neema." Tukaziita mapacha.

Bwana yangu alipokufa, wewe ndiye ulikuwa unakuja kupima mafuta ya mashini bila kuitwa. "Weye uza vitunguu," ulikuwa unasema, "mapacha uniachie mimi." Na kweli nilikuachia. Sikujua hata funguo ya akiba iko wapi.

Halafu mwaka huu yangu ikaanza kuzimika kila ikipanda mulima. Nikakuletea garaji kwako Murara. Ulikaa chini yake muda murefu, ukatoka ukifuta mikono.

"Mama Neema, akili yake imekufa."

"Gari nayo iko na akili?"

"Kupita ya watu wengi wa hapa."

Ukanionyesha ile sanduku ndogo ya bati yenye waya nyingi, kalkilatere, inayoiambia mashini inywe mazuti saa gani na kiasi gani. Ukasema utaniwekea ingine nzima, iliyotoka Uganda. Ukaiweka. Na kabla ya kuwasha, ukafanya vile unafanyaka siku zote: ukafunga kapo, kile kifuniko cha mashini, ukaniambia niweke mikono juu ya bati, ukaweka yako karibu na yangu, ukaomba. Uliomba vizuri, parene. Ulitaja mujane, ulitaja yatima. Nililia, nikasema Amina.

Mvua ilipoanza, pikapu ikakataa kwenye barabara ya Sake. Waliivuta mpaka kwa fundi mumoja wa Katindo. Akachomeka mashini yake ya kupimia, akaangalia, akakohoa.

"Mama, hii gari ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yenyewe inakataa. Inataja namba ya shasi ya gari ingine."

Akaifungua ile kalkilatere. Ndani kulikuwa kutu ya kijani, ya maji ya zamani. Halafu akanionyesha waya moja chini ya mashini, ilikuwa imekatika na kuungwa, imefungwa tepu mupya ya bluu. "Ugonjwa ulikuwa hii tu," akasema. "Na mwenye kuifunga aliuona."

Hapa Goma ninajua mutu mumoja tu anayetumia tepu ya bluu.

Nikaandika ile namba kwenye mukono, nikaenda kwako. Muke wako akanipa chai. Nikamwambia nimekumbuka kuangalia pacha. Ile yako, iliyokuwa juu ya mawe tangu maji ya mvua ya mwaka jana yaiingie, sasa ilikuwa kwenye magurudumu yake, imeoshwa. Muke wako mwenyewe akaniangazia na simu ili nisome namba ya shasi kwenye chuma. "Mungu ni mwema," akasema, "ilifufuka yenyewe." Nikasoma: ni ile ile ya mukono wangu, na akili iliyoifufua ni ya gari yangu. Nikashusha mukono wa nguo, nikajibu ndiyo, ni mwema. Chai yake niliimaliza. Yeye hana kosa.

Ungesema tu, "Mama Neema, yangu imekufa, unisaidie," ningekupa gari nzima uende nayo, na unajua ningekupa. Bati haliniumi. Inaniuma ile mikono yangu uliyoiita pale juu. Ulitaka nisimame na wewe mbele ya Mungu ili usisimame peke yako? Sasa kwenye jumuiya wakiniambia niongoze sala, ninasema koo inaniuma. Na mimi nimekuwa muongo kwa ajili yako.

Neema sijamwambia kitu. Ni wewe ulimushika kwenye maji ya batizo, akakukojolea shati, na ukakataa kuibadilisha mpaka jioni, ukisema hiyo ndiyo baraka yako. Sitamunyang'anya parene siku yake ya harusi. Kwa hiyo kuja. Vaa suti, simama mukono wake wa kuume, tia sahihi mahali utaonyeshwa.

Lakini padiri akisema tupeane amani, usigeuke upande wangu. Tafuta mutu mwingine, mushike mukono, ukae naye mpaka wimbo uishe. Mbele ya watu sitaweza kukukatalia, na kukupa bado siwezi.

Barabara ya Butembo ni mubaya. Mungu akufikishe muzima, hiyo bado ninaweza kuiomba.

Mimi, mama wa mutoto wako wa batizo