Khalayi Anaongoza Cha-Cha-Cha

Kayole, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa jua la Kayole. Goti linaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, na mjukuu wako Triza yuko shuleni.

Naandika kwa sababu ukipigiwa simu unaweka sauti ya juu, na habari hii sitaki jirani aipate kabla yako. Mama, nitakuwa kwenye filamu! Kaa chini kwanza.

Kuna dada anaitwa Waringa, ndiye mwenye filamu. Alikuja kibandani kwangu na kazi ya kushona magauni sita ya dansi. Hadithi yake ni ya mjane anayejifunza cha-cha-cha. Akanitumia video kwa simu ili nione jinsi gauni linavyozunguka. Nikawa naitazama nikikata kitambaa. Siku ya tatu nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikasimama kumwiga yule mwanamke. Akirudi nyuma, mimi namfuata mbele. Nilidhani ndivyo mtu anavyojifunza.

Ijumaa nikapeleka magauni kwenye ukumbi mmoja Donholm. Mwigizaji aliyekuwa acheze mjane amepata kazi nyingine, hakuja. Mchezaji wao, kijana Ngigi, akaniomba nivae gauni nizunguke naye kidogo walipime. Muziki ulipoanza, nikamsukuma mpaka ukutani! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mathe, hizo ni step za chali!" akasema. "Nani alikufunza uniendeshe hivi?"

Kumbe siku zote nilikuwa nimejifunza upande wa mwanaume. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Waringa hakucheka. Alisema, "Rudieni. Ngigi, mfuate."

Akanifuata. Nilimbonyeza bega akageuka, nilivuta mkono akaja. Mama, nina miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kumwelekeza mtu mzima aende mahali akaenda. Sehemu ya mjane nimepewa mimi.

Niandikie haraka. Nataka baraka zako.

Binti yako,
Khalayi

*

Kimilili, 15 Oktoba 2024

Mwanangu Khalayi,

Salamu katika jina la Bwana. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango. Nilikuzaa nikakulea ukawa mpole, hata mwalimu wa Sunday school alikuwa akisahau kwamba umo darasani. Sasa unasukuma vijana ukutani?

Sisemi ni dhambi. Nasema una mume kaburini ambaye bado hajafanyiwa makumbusho. Shemeji yako Shiundu ametuma neno kwamba ukoo umepanga tarehe thelathini Novemba. Mjane akisikia tarehe hufunga leso akaja. Ukishamkumbuka Mulongo vizuri, hayo mengine tutazungumza.

Kula vizuri. Umekonda kwenye picha.

Mama yako

*

Kayole, 3 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, na huyo dume mchinje Krismasi tumsamehe.

Kila jioni nafunga kibanda saa kumi na moja niende mazoezi. Mama, kumbe nina mgongo! Miaka yote nimeuinamisha juu ya cherehani. Ngigi anasema nisitazame miguu, niangalie mbele, kwani anayeongoza ndiye anayeona njia. Wateja wananiuliza napaka nini usoni. Sipaki kitu.

Sasa sikiliza. Dansi ya mwisho, ile ambayo filamu nzima inaingojea, itapigwa picha tarehe thelathini Novemba. Ukumbi na wanamuziki wanapatikana siku hiyo tu. Nilimwomba Waringa asogeze, akashindwa.

Nikakaa siku mbili bila hamu ya kula. Kisha nikampigia Shiundu. Nilimwambia kwa heshima kwamba sikatai makumbusho, Mulongo nilimpenda na nitakuja na keki na maua, ila naomba iwe tarehe kumi na nne Desemba.

"Unatupangia tarehe?" akauliza.

"Naomba wiki mbili, shemeji."

Akakata simu.

Mama, nimekosea? Niambie kwa kalamu yako mwenyewe. Nikikosa neno lako nitacheza na mguu mmoja.

Binti yako,
Khalayi

*

Kayole, 17 Novemba 2024

Mama,

Wiki mbili sijapata barua. Nauliza ofisi ya basi linaloleta barua zako mpaka karani amenijua jina. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote anipigie. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi basi.

Nimeamua, na sitaki usikie kwa wengine. Tarehe thelathini nitakuwa Donholm. Makumbusho wakiyafanya bila mimi nitalia, na nikishalia nitajifuta nicheze. Naogopa, mama. Si Shiundu ninayemwogopa. Naogopa usije ukaona aibu kuitwa mama yangu.

Binti yako

*

Kimilili, 25 Novemba 2024

Khalayi mwanangu,

Mimi mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na hasira, na haikuwa juu yako.

Shiundu alikuja na wazee wawili. Kwa desturi ya wakwe hawakuingia, walisimama uani. Akasema, "Mwambie binti yako mjane hapangii ukoo tarehe." Nikajibu nitafikiri.

Baba yako alipokufa, mimi pia nililetewa tarehe. Siku ilipofika nilikuwa na malaria. Walinibeba kwenye kiti hadi kaburini, nikatapika mbele ya mchungaji. Ulikuwa na miaka tisa, ulinishikia leso. Nilitaka kusema, "Ngojeni nipone." Maneno mawili tu. Sikuyasema, na miaka thelathini na minne nimejisifu kwamba nilivumilia. Nilipoisoma barua yako niliona aibu, lakini si kwa ajili yako.

Juzi nikaenda kwa Shiundu. Unajua mama mkwe haingii kwa wakwe bila mwaliko, kwa hiyo nilisimama nje ya ua nikaita kwa sauti, na sauti yangu unaijua. Nikasema, "Mulongo alikuwa mume wa Khalayi kabla hajawa marehemu wenu. Ameomba wiki mbili, hajaomba shamba."

Akauliza, "Na tukikataa?"

Nikamwambia, "Basi tarehe thelathini mtamkumbuka bila mjane, bila mimi, na bila sufuria za kanisa. Ufunguo wa stoo ninao mimi."

Jioni alimtuma mkewe. Ni tarehe kumi na nne Desemba.

Cheza, mwanangu. Huyo Ngigi unamshika wapi hasa sitaki kujua. Ukimaliza uje nyumbani. Siku hiyo, tukienda kaburini, hakuna atakayekushika mkono kukuvuta. Utatangulia wewe, nami nitakuja nyuma yako.

Mama yako