Sinia Lako Bado Linauliza, Mama Bertila

Mwaka umetimia, Mama Bertila, tangu ile Jumanne ulipovua viatu vya kazini mlangoni, ukasema kichwa kinakuuma kidogo, na kiharusi kikakuchukua kabla hatujajua tunapambana na nini. Mwaka mzima tumekulilia. Leo lakini hatukuandikii kwa machozi. Tunakuletea habari, nawe ulipenda habari kuliko chai.

Kwanza tuseme ulivyokuwa, maana wapo wasomaji ambao hawakukufahamu. Miaka kumi na mmoja uliwagawia wazee dawa katika nyumba ya kuwatunza hapa Irving, Texas. Ulijua majina ya wajukuu wao. Mzee mmoja hakumeza kitu mpaka uje wewe, kwa kuwa wewe peke yako ndiwe uliyekubali kushindwa naye karata kwanza. Nyumbani ulipika sombe, kisamvu chetu, ya kutosha jengo zima, ukamlaumu kila mgeni kwamba amekula kidogo, hata aliyekwisha kulegeza mkanda.

Na ulikuwa na sinia. Sinia jeupe la bati, lenye maua mekundu pembeni, ulilotoka nalo kambi ya wakimbizi, ukalifunga kwenye blanketi kwa uangalifu kuliko ulivyofunga nguo zako. Yeyote aliyelala kwako, awe padri au mkwe, alimwaga dawa zake zote juu ya sinia hilo kabla ya kupewa ugali. Ulivaa miwani, ukaokota kidonge kimoja kimoja, ukasoma herufi zilizochongwa juu yake. "Chupa inaweza kudanganya," ulisema. "Kidonge, hapana."

Tulikucheka. Heritier, kitindamimba wako, alikucheka kuliko sote, akakuita Madamu wa Forodha.

Basi sikia. Ulipoondoka, Heritier alizimika. Huko Alief, Houston, alikuwa anaamka, anakwenda ghalani, anapanga maboksi, anarudi kutazama ukuta. Daktari alimwambia ni sonona, akampa vidonge, pamoja na vingine vya presha, ile ile uliyomrithisha. Vya presha alivimeza hadharani. Vya sonona alivihamishia kwenye chupa ya vitamini, kwa sababu mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuwa amesema kanisani kwamba anayemeza dawa ya huzuni amemkana Mungu. Miezi mitano alificha, nasi ndugu zake hatukujua. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuwa njiani kuja.

Franck, mwenzake wa ghalani, alimwambia habari za shamba moja nje ya Mansfield, si mbali na hapa Irving, ambako watu hukusanyika mwisho wa juma kunywa ayahuasca, kinywaji cha mimea ya msitu wa Amazoni. Humtapisha mtu, humwonyesha maono, na wapo wanaosema kiliwapunguzia majonzi. Franck mwenyewe hakuwa na dawa yoyote anayotumia. Alikunywa, akarudi anatabasamu. Katika maneno yote hayo Heritier alisikia moja tu: kwamba wengine huwaona wapendwa wao waliokufa. Alitaka kukuona, Mama. Tunakuambia hilo ili usimkasirikie.

Fomu ya wenye shamba iliuliza kama anatumia dawa. Aliandika: vitamini.

Ijumaa mchana aliendesha gari kutoka Houston mpaka Irving, alale kwa mumeo, Baba Bisimwa, asubuhi aendelee na safari. Dada yake Orpa alikuwa anapakua chakula. Sinia lako lilikuwa mezani, limewekwa ndizi, kwa kuwa tangu uondoke hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitumia kwa kazi yake. Orpa alimtazama mdogo wake alivyokonda, akaondoa ndizi.

"Leta bichupa byote hapa."

"Orpa, come on. Mama hayuko tena."

"Njo maana. Leta."

Heritier akamwaga. Vitamini za chupa ile tunazijua, ni za manjano, kubwa, zinanuka. Hivi vilikuwa vidogo, vyeupe, vimechongwa herufi. Orpa alichukua miwani yako uliyoiacha juu ya friji, akasoma.

"Heritier, hii haiko vitamini."

Mwanaume wa miaka thelathini na miwili alikaa chini akalia, akasema yote: sonona, chupa, shamba, na wewe.

Orpa hakumgombeza. Alimpigia Kariuki, yule mfamasia Mkenya uliyekuwa ukimsumbua kwa maswali, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Skiza ndugu yangu," Kariuki alisema, "hiyo tembe ya depression na hiyo kinywaji hazifai kukutana mwilini. Mwili unachemka, unatetemeka, moyo unaenda mbio, na mtu anaweza kufa. Presha yako nayo itapanda. Na usi-stop hiyo tembe leo ndio ukunywe kesho, hiyo pia ni hatari. Ongea na daktari wako kwanza."

Wakawapigia wenye shamba, wakauliza maswali yako. Nani amekipika, na ameweka nini ndani? Nani anawapima watu presha? Mtu akianguka, nani anajua la kufanya, na hospitali iko umbali gani? Mwanamke aliyepokea simu alikuwa mpole, ila jibu lake lilikuwa moja: tuuamini mmea, mmea unajua. Baba Bisimwa, ambaye unajua huongea mara moja kwa juma, aliinua kichwa.

"Ule mmea unajua kupiga 911?"

Heritier alicheka. Mama, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Hakwenda Mansfield. Alikula sombe, akalala hadi saa nne asubuhi.

Alirudi kwa daktari wake na kumwambia ukweli wote. Dawa ikarekebishwa, akapata na mshauri anayezungumza naye kila Alhamisi. Mwezi uliofuata, baada ya misa kule Alief, alisimama akainua chupa yenye jina la kweli la dawa ile. "Hii ni dawa ya huzuni. Naimeza, na Mungu bado ananijua." Kisha akatoka. Wa kwanza kumfuata nje alikuwa yule yule mama wa maombi, ambaye jina lake tunalijua sisi na wewe. Alifungua mkoba, akatoa chupa ya vitamini. Ndani hamkuwa na vitamini.

Sinia lako sasa lina ratiba iliyojaa kuliko ya padri. Limekwenda Houston mara tatu.

Umeshinda, Mama. Mwanao alitaka kunywa kitu ili akuone, nawe ulikuwa umekaa mezani unamngoja.

Misa ya shukrani ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, hapa Irving, na chakula nyumbani baadaye. Atakayelala aje na chupa zake.

Tunaokukumbuka: mumeo Bisimwa, wanao Orpa na Heritier, dada yako Généreuse, na mjukuu wako Carmen, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa jina lako.

Hutasahaulika kwetu, Mama Bertila. Miwani yako iko juu ya friji, na safari hii ni Heritier anayeivaa.