Rangi Juu ya Ufa

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu. Kichanga chetu kimeota jino, sasa kinang'ata hata wageni.

Umeuliza kwa nini siku hizi nafuta viti vya ndege badala ya kutengeneza injini. Niliona ufa kwenye bawa. Nikamwambia mkuu wa mafundi, yule tunayemwita Hamna Shida. Akaleta kopo la rangi, akaupaka mwenyewe huku anapiga mluzi. Nikaenda kwa wakaguzi wa serikali. Nao wakampigia simu yeye, wakamtajia jina langu, wakacheka pamoja. Kesi ya ngedere, hakimu nyani!

Karakana yetu ina desturi: aliyeipitisha ndege hupanda safari yake ya majaribio. Siku ilipofika, Hamna Shida akashika tumbo. "Jamani, naharisha tangu asubuhi. Nendeni tu." Ndege ikaruka, ikarudi, nasi tukaambiwa tumeona wenyewe. Yule mtu ananitia kinyaa.

Sasa kaniziba mdomo kwa tabasamu: ile tiketi ya bure aliyoletewa mama aje kutuona katoa yeye, na ni ya ndege hiyo hiyo. Najua mama ameshashona gauni la safari na mtaa mzima una habari. Mwambie aje kwa basi. Akinuna, mwambie jana nilimkuta Hamna Shida stendi, anawapandisha wanawe basi la kuja huko huko kwenu.

Mdogo wako,
mfuta viti