Mtani na Kiroba cha Mchanga

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi vyuma, jioni maji. Vyuma vyetu ni makopo ya rangi tuliyojaza zege, bomba la maji katikati. Maganga, jirani yangu seremala, kachuchumaa nayo mabegani mpaka katapika uji. Kafuta mdomo, kaendelea. Mimi nimeishia njiani. Miguu yangu sikuiazima kwa mtu.

Kisha bwawani Igombe. Maji yamepungua, unatembea kwenye tope mpaka magotini kabla hujapata pa kuogelea. Mwili uliotoka kwenye vyuma hauelei. Nimekunywa maji ya kutosha ng'ombe.

Zimebaki wiki chache twende Mwanza. Triathloni. Ziwa, baiskeli, mbio, hakuna kukaa chini katikati. Mwaka jana Maganga alitoka majini vizuri, baiskeli vizuri, kwenye mbio mapaja yakamkatalia. Akaondolewa kwa machela mbele ya mkewe. Hajasahau. Ndiyo maana mwaka huu tunabeba vyuma. Anataka avuke ule mstari kwa miguu yake, basi. Hana habari nyingine, hata akiwa anapiga randa.

Jumatatu, 8 Septemba

Mapaja yanauma. Kuchuchumaa chooni ni adhabu. Nimeziba pancha kutwa nimesimama.

Karakana ya Maganga na kibanda changu cha baiskeli ni ukuta kwa ukuta hapa Mtendeni. Leo kanipigia kelele kwamba Wazaramo ni watu wa kula nazi na kulala. Nikamjibu babu zake walibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, yeye anashindwa na kopo la rangi. Wateja hoi kwa kicheko.

Ndio utani wetu. Mimi Mzaramo, ingawa nimezaliwa hapa hapa; baba alikuja na reli akabaki. Yeye Mnyamwezi wa Tura. Namtukana nitakavyo na hana ruhusa ya kukasirika. Yeye vilevile. Tangu tujuane sijawahi kumwambia neno moja kwa uzito.

Jumamosi, 13 Septemba

Kayachukua maneno yangu kweli. Kaja na kiroba cha mchanga. Kakitupia begani, tukakimbia njia ya Kwihara, ile ile ya misafara ya zamani. Anasema vyuma vinaleta nguvu, mbio zinaleta pumzi, kiroba kinaleta vyote kwa pamoja, na Wanyamwezi walijua hayo kabla jimu hazijazaliwa. Nilikimbia pembeni yake namfokea kama mnyapara. Raha tupu.

Tuliporudi kashika zege tena. Nikamwambia yule mwalimu wa mazoezi ninayemwangalia kwenye simu anasema siku ya kuichosha miguu kwa vyuma usiiunganishe na mbio ndefu, mwili upewe nafasi ya kujijenga. Kanijibu mwalimu huyo hana babu. Nilicheka. Sikubisha.

Jumamosi, 20 Septemba

Joto la kuua. Kiroba mpaka Kwihara na kurudi. Halafu zege. Halafu baiskeli, barabara ya mashariki, jua la utosi. Maji yalituishia mapema. Nilitaka tugeuze, kasema nigeuze mimi, nikapike bokoboko letu la pwani. Sikugeuza.

Mapaja yake yamevimba, magumu kama mbao zake. Nilipoyabonyeza kapiga yowe. Nikampa vidonge vyangu vya maumivu, vile navyomeza mgongo ukinikaza. Kavimeza viwili viwili. Nikamwita bibi harusi. Nimechoka vibaya, chakula hakipiti.

Jumapili, 21 Septemba

Kapiga simu wakati nafunga breki za mteja.

"Mtani, nakojoa kahawa."

"Kunywa basi," nikamwambia. "Sukari nitaleta mimi."

Tukacheka wote. Kasema safari hii hatanii. Nikamwambia hata kwenye machela hakuwa anatania. Kacheka tena, kidogo, kakata.

Jioni nimekimbia peke yangu. Miguu myepesi.

Jumatatu, 22 Septemba

Karakana imefungwa. Nimemtumia ujumbe: Mnyamwezi amka, mizigo inakungoja. Kimya. Nikadhani kanuna, halafu nikakumbuka haruhusiwi kununa. Kwake ni nyuma ya msikiti tu hapo. Sikwenda.

Jumanne, 23 Septemba

Mama Neema, mkewe, kaja kibandani, macho mekundu. Maganga kalazwa tangu alfajiri. Nimefunga kibanda nikamfuata.

Uso wa Maganga umevimba mpaka macho madogo. Mkojo hautoki kabisa. Daktari katueleza taratibu. Misuli ya mapaja imesambaratika ndani kwa ndani kwa kazi iliyozidi, uchafu wake umeingia kwenye damu na kuziba figo. Joto na kiu vimechangia. Vile vidonge pia. Inabidi damu isafishwe kwa mashine, watampeleka Dodoma. Kauliza mkojo ulianza lini kuwa mweusi, na kama mgonjwa alimwambia mtu. Nikaangalia sakafu. Mama Neema naye kaangalia sakafu.

Maganga kaniona. Kaanza kusema kitu, "Wazaramo nyinyi," pumzi ikaishia hapo. Naogopa. Sijui nitaandika nini tena.

Alhamisi, 25 Septemba

Kafa. Njiani, hawajafika Manyoni. Mama Neema alikuwa kamshika mguu.

Nimeyapiga makopo ya zege kwa nyundo. Hayavunjiki.

Jumamosi, 27 Septemba

Mazishi, Tura. Mchungaji wa Moravian alipomaliza sala watu wakageuka kuniangalia. Marehemu ni Mnyamwezi, Mzaramo yupo, kazi yake inajulikana: awazuie na jeneza lao, amkejeli marehemu, wafiwa wacheke. Nikarudi nyuma ya watu. Baba yake kanifuata huko huko. Nikamwamkia shikamoo, kaitika marahaba, kanishika mkono.

"Mtani, usituache tulie tu. Mwanangu angekutegemea."

Nikavua viatu. Nikakimbia mbele ya jeneza nimeinama upande, kama vile nina mchanga begani. Nikatapika uji wa uongo. Kisha nikaingia kaburini nikalala, nikapiga kelele kwamba shimo hili nimelichukua mimi, yeye arudi akafanye mazoezi, Mnyamwezi mvivu gani analala kabla ya Mwanza. Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba yake alicheka machozi yakimtoka. Mama Neema alicheka.

Udongo ulikuwa na ubaridi. Sikutaka kutoka. Sijawahi kujichukia namna hii.

Jumanne, 30 Septemba

Mpangaji mpya kaja kuangalia karakana. Nimemwambia paa linavuja. Halivuji.

Sijagusa baiskeli yangu. Mwanza siendi. Kila anayepita ananipa pole, halafu ananisifu kwa ya kaburini. Eti sijaona mtani kama wewe. Natamani kuwatukana.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Neema baada ya ibada yao. Nilitaka kumwambia habari ya ile simu. Nilikuwa nayapanga maneno tangu Tura. Nimefungua mdomo tu, kaninyooshea kiganja.

"Najua, shemeji. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitaka twende hospitali siku ile ile. Niliposikia mnacheka, nikasema basi, si kitu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Baadaye kauliza kama nitakunywa chai. Nikanywa.

Nilipoaga kaniomba nikitoe kile kiroba nyuma ya mlango, kinamzuia kufagia. Nimekitupia begani nikaja nacho mpaka kibandani. Njiani nimepumzika ukutani pa msikiti. Kizito sana. Siku zote nilikuwa nakimbia pembeni, sikuwahi kukibeba.