Ufunguo Uko Juu ya Paa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana ikifika bila jibu lako nitaumbuka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kushona mapazia, nashonea hapohapo sebuleni kwenye meza kubwa, cherehani upande wangu na upande wa pili kuna kompyuta kuukuu ambayo mume wangu, fundi wa mashine za kuchapisha, aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa inatupa vitu vyake, akaileta akisema watoto watajifunzia, watoto wakaiwasha mara moja wakasema hii ni ya kizee, ikabaki pale ikikusanya vumbi na vipande vya nyuzi. Sasa mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu wakati paa la nyumba yake linaezekwa upya, alisema ni kwa muda tu, mabati yakishapigiliwa anarudi kwake, nami nikasema karibu Mama, jisikie nyumbani, mdomo unasema hivyo na moyo unaniambia mwanamke umekwisha.

Na kweli nilikoma. Yule mama alifungua makabati yangu bila kuuliza, akapanga upya sufuria zote, akanusa taulo, na maswali yake ni yale ya upole yanayochoma, "Hivi mke wa mwanangu, hili jiko huoshwa siku gani?" Nikikaa kushona anasimama nyuma yangu anautazama mshono, halafu anaguna. Mshauri, kama hujawahi kuguniwa mgongoni huku unapiga marinda ya pazia la ukumbi wa watu huijui shida. Nilikuwa naingia chooni nalia, natoka natabasamu, na mume wangu alikuwa ananiona.

Siku moja nikachoka, nikaiwasha ile kompyuta ili tu apate kitu kingine cha kukigunia, nikakuta mchezo ulioachwa na wenyewe wa zamani, mchezo wa kale hasa, picha zake unaziona kidotidoti na muziki wake unalia kama kengele ya mlangoni. Kuna fundi saa amefika kwenye mji ambao saa ya mnara imesimama, na watu wote wamekwama kwenye saa ileile, mwoka mikate anaoka mkate uleule, mlinzi wa daraja analinda daraja lilelile. Hakuna kupiga risasi wala kukimbizana. Unasogeza kipanya, unabofya kitu, na chini kuna maneno ya kuchagua, angalia, chukua, fungua, zungumza, tumia. Basi. Yule fundi anaokota takataka zote anazitia kwenye koti lake, na kila takataka ina siku yake ya kufaa. Maandishi yote ni ya Kiingereza na Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nikawa namsomea kutoka kwenye cherehani bila hata kuondoa mguu kwenye kanyagio.

Siku ya kwanza alichukia. "Huyu kijana hana adabu! Anaingia nyumba ya watu bila hodi, anafungua makabati!"

Niliuma kitambaa nisicheke.

"Mwambie atoke nje agonge."

"Mama, hana uwezo wa kugonga."

"Basi tumngoje mwenye nyumba."

Tukamngoja, mshauri, haki ya Mungu tukakaa tunaungoja mlango wa kwenye kompyuta, mwenye nyumba hakutokea, na Mama akasema haya, aingie, ila achukue kile kijiko tu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na kijiko, jibini, kamba ya pazia, soksi moja, na kengele ya mwoka mikate.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Yule mlinzi wa daraja hasinzii hata ufanyeje, mimi nikasema tumtilie dawa, Mama akasema, "Dawa ya nini? Mpe mkate mzima na jibini. Marehemu baba mkwe wako alikuwa hivyohivyo, akishiba ukimsemesha anakujibu kwa koromo." Tukampa, akalala. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, halafu machozi hayakukatika, akanisimulia habari za mzee ambazo hata mume wangu hazijui. Toka hapo siyo tena mke wa mwanangu, ni "mwanangu". Ananiuliza, "Mwanangu, wewe hapa ungetumia kamba au soksi?" Mtu ambaye hakuwahi kuniuliza hata kama chumvi imetosha! Nami nang'ang'ania soksi, yeye kamba, tunabishana, na huku anafikiri mikono yake inanishonea vishikizo vya mapazia, tena mishono yake imenyooka kuliko yangu. Watoto wakitoka shule wanagombea kukaa karibu naye. Nilimuuliza siku moja anaupendea nini mchezo wa kizee namna ile, akasema, "Una heshima. Hakuna anayenikimbiza. Nikikaa nikafikiri, watu wote wananingoja."

Basi shemeji anayesimamia uezekaji, ambaye amekuwa akimpigia Mama simu kumpa habari, akapiga tena, paa limekamilika, Mama anaweza kurudi. Mama akamjibu kwamba ataondoka akimaliza mchezo, hawezi kuacha mji wa watu umesimama. Na mchezo wenyewe ulikuwa umebaki kitu kimoja, ufunguo wa mnara. Tukaenda kwa mpiga kengele mzee, akasema maneno marefu, na mimi siku hiyo nina pini mdomo mzima, napima pindo, sikuweza kutafsiri yote, nikasema kwa kona ya mdomo, "Anasema ufunguo uko juu ya paa."

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Masikini mnyama! Wamemfunga ufunguo mgongoni!"

Akageuza fundi saa akaenda naye msituni, kwa sababu mwanzoni mwa mchezo kuna paa mdogo anavuka njia, anapita tu, hata kumbofya huwezi. Mimi nilitaka kusema Mama siyo paa huyo, ni paa la mnara, dari, bati, lakini pini zilikuwa mdomoni, na nilipozitoa neno halikutoka. Sikulisema siku hiyo, wala kesho yake, wala mpaka leo ninapoandika. Anabofya kichaka kimoja kimoja, ametandaza majani makavu njiani, amemuuliza mwoka mikate, na jioni ananiambia "Leo hakuonekana", halafu anauliza kesho tunapika nini.

Kumbe mume wangu anatuangalia. Juzi ameniambia kwa sauti ya kuniokoa, "Vumilia, nimeshalipata jibu kwenye simu. Jumapili namkalisha Mama, nammalizia kwa dakika mbili, anarudi kwake unapumua." Anakumbuka nilivyokuwa nalia! Nitaanzaje kumwambia sasa hivi nalia nikifikiria hicho kiti kikiwa kitupu?

Nikimwambia Mama ukweli atapanda juu, atachukua ufunguo, saa italia na yeye atafunga begi lake. Nikinyamaza, Jumapili atajua kwamba nilimwacha amtafute mnyama hali najua, atasema mkwe wangu kanifanya mjinga, na nitampoteza vibaya zaidi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Pini Mdomoni

*

Mkwe wa Pini,

Kwanza zitoe hizo pini kabla hujazimeza. Kuna mito midogo ya kuchomekea pini, nawe ni fundi, unajua.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuhurumia. Niliisoma mara ya pili nikacheka mpaka mwenzangu wa ukurasa wa michezo akaja kuuliza kama kuna mechi. Mara ya tatu nilitaka nikufuate hapo kwako nikufinye.

Hebu tulia unisikilize. Mama huyu alihama kwake kwa sababu ya nini? Ya paa. Wakati wote huo shemeji yako akipiga simu alikuwa anamwambia habari za nini? Za paa. Halafu mtu huyuhuyu anaambiwa ufunguo uko juu ya paa, na kinachomjia kichwani ni mnyama wa miguu minne? Mwanangu, hakuna mzungumzaji wa lugha hii, mkubwa kwa mdogo, anayesikia "juu ya paa" akamfikiria mnyama. Na huyu ndiye aliyemlaza mlinzi kwa mkate na jibini wakati wewe msomi unahangaika na dawa! Ameelewa kabla hujatema pini ya kwanza. Umeniambia mwenyewe kwamba alinyamaza kidogo. Hapo alikuwa anachagua.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Mnamkimbiza wote wawili paa ambaye hayupo, kila mmoja akidhani mwenzake hajui.

Kwa nini anafanya hivyo, unauliza? Fikiria nyumba yenye mabati mapya na hakuna mtu ndani. Hakuna wa kumgunia. Hakuna wa kumuuliza kesho tunapika nini. Anaogopa kurudi pale, nami simlaumu, na hawezi kukuambia, kwa sababu mama mkwe kuomba nafasi kwa mkwe wake ni jambo gumu, hasa akikumbuka alivyokunusia taulo. Amekuachia wewe nafasi ya kusema, na wewe umeziba mdomo kwa pini.

Wala usijifanye malaika. Umependa kushonewa vishikizo na kulelewa watoto, na hilo nalo limekufunga mdomo. Siyo dhambi, lakini likubali.

Na mchezo wenyewe usiudharau kwa sababu ya vidoti vyake. Watu huniuliza mambo ya kale kama hayo yana utamu gani wakati siku hizi kuna michezo ambayo kila kitu kinalipuka. Utamu ni huohuo aliokutajia mama mkwe wako. Ukikosea hufi, fundi saa anakuambia tu kwamba hilo haliwezekani, tena kwa utani, unajaribu lingine. Ukiondoka ukarudi, unawakuta palepale. Ni wapi kwingine mtu wa umri wake anapewa nafasi ya kukosea bila kuonekana amezeeka? Mimi mwenyewe mchezo huo naujua. Dada yangu na mimi tulinuniana kwa sababu yake, yeye akisema tumpe mwoka mikate soksi, na kengele ile hatujaipata mpaka leo. Mliipataje? Niandikie pembeni, usipitie gazetini, dada yangu hulisoma.

Sasa fanya hivi. Leo, usingoje Jumapili, mumeo akirudi na wino wake mikononi mkalishe chini umwambie, "Nampenda mama yako, sitaki aondoke." Atashtuka. Mpe maji. Amekuona ukilia chooni na hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika, kwa hiyo usimgombeze, ila jibu lake alifute kwenye simu mbele yako. Anayemmalizia mtu mzima fumbo lake bila kuombwa anamnyang'anya, hata akiwa ni mwana aliyemzaa.

Halafu ondoa majora ya vitambaa kwenye kile chumba unachokifanya stoo. Usiniambie huna, mshona mapazia asiye na stoo sijamwona. Mshonee pazia lake, la kitambaa kizima, usimpe vipande vilivyobaki kwenye kazi za wateja, ataona, tena ataguna. Nyumba yake mwambieni mtaiangalia pamoja, mtakwenda kufungua madirisha, na akitamani kwenda kukaa siku chache aende, ni kwake. Na la makabati lisemeni sasa hivi, mngali mnacheka. Mpe kabati moja liwe lake, alipange atakavyo, mengine apige hodi kwanza. Akikasirika, mkumbushe alivyomsema yule fundi saa kwa kuingia bila hodi.

Habari ya paa usimsahihishe. Mwache na mnyama wake. Siku akichoka na msitu atapanda juu mwenyewe, nawe utajifanya umeshangaa.

Kilichobaki ni kumwambia abaki, nalo ndilo unaloliogopa. Usilifanyie hotuba. Zima cherehani ili asikie vizuri, mtazame usoni, umwambie, "Mama, kaa." Najua, nalo neno hilo lina maana zaidi ya moja. Akivuta kiti, akaguna, akaanza kubofya mawe ya ufukweni kule kwenye mchezo kumtafuta mnyama mwenye magando, wewe nenda katandike kitanda.