Spika Iliyonguruma Siku ya Koito

S.L.P. 41,
Mogogosiek.
11 Agosti 1996

Mpendwa ndugu yangu Robert,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Je, joto la Mombasa halijakumaliza? Marcella na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila goti la Mama humsumbua ukungu ukishuka.

Sasa nisikilize, maana kosa lilianza na wewe. Ile redio ya kaseti uliyotuletea Krismasi, yenye spika mbili, Baba alipeleka spika moja zizini. Ati ng'ombe wakisikia nyimbo za kanisa wanaachilia maziwa. Alivuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha juu ya ua mpaka kwa ng'ombe, vipande vitano vya kuungaunga. Nilimkanya, lakini nani hunisikiliza hapa?

Basi mwezi jana wazee wa Kimulot wakaja koito, kumposa mdogo wetu Cheptoo. Baba akazima redio kwa heshima. Mzee Johana, babu ya kijana anayeposa, aliposimama kuomba, spika ya sebuleni ikaanza kunguruma kama mtu anayeongea na ugali moto mdomoni. Na redio imezimwa! Mzee akaketi, ikanyamaza. Akasimama tena, ikaanza tena. Akachukua fimbo yake, akasema kuna marehemu wa boma hili hataki msichana aondoke, na yeye hashindani na marehemu. Wakaenda zao, hata mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, hawakuonja. Robert, Cheptoo alilia siku tatu. Iliniuma sana.

Marehemu gani! Alikuwa jirani yetu Obiero, fundi wa stima pale kiwandani, yule mwenye leseni na mtambo wa redio wa kuongea na watu wa ng'ambo. Nilipomweleza alishika kichwa. Kumbe waya mrefu wa Baba ulikuwa unanasa sauti yake kama eriali kila alipoongea, na kusimama kwa Mzee kulisadifu tu. Akakata ule wa zizini, na kwa kuwa nyaya za sebuleni nazo zilinasa, akazisokota pamoja, akazizungusha mara saba kwenye pete nyeusi ya kuzuia mawimbi aliyoitoa kwa televisheni mbovu.

Nikaenda Kimulot mwenyewe kuwabembeleza. Jana wamerudi. Mzee Johana alitaka ushahidi, kwa hivyo Obiero akarudi nyumbani kwake kuongea kwenye mtambo. Pete ikitolewa, spika inanguruma. Mzee akazungusha waya kwa mkono wake, akihesabu mpaka saba. Kimya. Akavua kofia akaomba dakika arobaini, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Wamekubaliana! Arusi ni tarehe 14 Desemba. Leo asubuhi Cheptoo alicheka jikoni, nikaacha kukoroga uji nimtazame.

Baba bado amenuna. Sasa wakati wa kukamua anaingia zizini kuimba mwenyewe. Mama anasema maziwa yamepungua kikombe kizima.

Wasalimie Marcella na watoto. Syprose, mke wa Obiero, anakusalimu pia. Mungu akulinde huko uliko na akufikishe nyumbani Desemba. Lakini tafadhali, usije na zawadi yenye waya. Leta sufuria.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukitukosea,
Janeffer Chepkosgei